Kutu sio uchafu, ndo maana bunduki ya mjomba haikupigwa msasa

Masika iliyopita mjomba wangu wa Mikindani alirusha picha kwenye grupu la ukoo. Mtutu wa bunduki yake umevaa rangi nyekundu kama barabara ya vumbi ya kwenda Newala, na chini kaandika neno moja tu, "Dawa?" Basi, saa moja haijaisha dawa zimeshafika kumi na kitu. Mmoja anasema ndimu na chumvi, mwingine soda iachwe ilale usiku kucha, binamu yangu wa Masasi anasema apeleke kwa welda apitishiwe grenda dakika mbili imeisha, shangazi yangu mmoja anauliza hivi hiyo sio ile ya Mjerumani, maana za Mjerumani zina zebaki nyekundu na kuna watu wananunua. Mjomba hakujibu hata mmoja, akanipigia mimi.

Mimi shughuli yangu ni injini za boti, hapa Mtwara mjini, kwa hiyo kutu ndo inanilisha, karibu kila kinacholetwa mbele yangu kimeliwa na chumvi. Bunduki sio fani yangu. Ila mjomba ni askari wa wanyamapori mstaafu, kakaa Liwale miaka mingi, bunduki anaijua kuliko anavyonijua mimi, kilichomshinda ni kutu yenyewe. Tukagawana, yeye ashike bunduki na mimi nishike kutu. Na nimeona niandike hii maana yale majibu ya kwenye grupu ndo majibu ya watu wengi, na mengi yanaharibu.

Tuanzie kwenye neno lenyewe. Watu wanaongea kutu kama vile ni uchafu umetoka sehemu ukaja kukaa juu ya chuma, kama tope kwenye kiatu, kwa hiyo ukilisugua tope kiatu kipo chini kinakusubiri. Kutu sio hivyo. Kutu ni chuma chenyewe. Ni chuma kimekutana na maji na oksijeni ya hewani, kikabadilika kikawa kitu kingine. Ile rangi nyekundu unayoifuta na kitambaa, jana ilikuwa ni sehemu ya mtutu. Kwa hiyo ukiitoa kutu hujarudisha chuma, umeondoa kilichokwisha kufa, na pale ilipokuwa panabaki shimo hata kama ni dogo la kutoonekana.

Na hii ina sababu yake. Chuma ardhini hakichimbwi kikiwa kinang'aa, kinachimbwa kikiwa mawe na udongo mwekundu mwekundu, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, karibu ni kutu tupu. Hata huu udongo wa kwetu wa uwandani wekundu wake unatokana na hiyohiyo oksidi ya chuma. Binadamu anauchukua udongo wa namna hiyo anautia tanuruni na makaa na moto mkali mpaka oksijeni inakimbia, kinabaki chuma. Tangu siku hiyo chuma kinatafuta njia ya kurudi kwao. Ukikiacha na hewa na maji kidogo kinarudi chenyewe bila kusukumwa.

Sasa kwa nini sufuria ya alminiamu hailiki hivyo wakati nayo inashinda na maji? Nayo inashika oksijeni, tena haraka kuliko chuma, ila ngozi inayoota juu yake imebana, haina upenyo, hewa haipiti tena kwenda chini. Kutu ya chuma ni nyepesi, ina matundu kama mkate wa mofa, inavuta unyevu na kuushikilia, kwa hiyo kutu ya leo ndo inaandaa kutu ya kesho. Watu wanaosema kutu inaambukiza hawajakosea sana, wamekosea sababu tu. Haina vijidudu, ina maji.

Halafu inavimba. Kutu inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya ile ya chuma kilichoizaa. Ukitaka kuona tembea ufukweni uangalie nguzo za nyumba zilizojengwa karibu na maji, utakuta zege limepasuka kwa urefu na nondo inachungulia. Watu wanamlaumu fundi kwamba simenti aliiba, na inawezekana aliiba kweli, lakini kilichopasua ni nondo iliyovimba kwa ndani. Kwenye bunduki ni hivyohivyo, ndo maana bolti (kile kipande cha kuvuta nyuma na kusukuma mbele ili kuingiza risasi) inagoma kufunguka au skrubu haigeuki, sio kwamba imekazwa, imevimba.

Hapo ongeza chumvi. Upepo wa kusi ukivuma hapa kwetu unabeba chembe za maji ya bahari ambazo huzioni, zinatua kwenye bati, kwenye geti, kwenye mtutu. Chumvi ina tabia ya kuita unyevu, acha kikopo wazi jikoni utaona inavyolowa yenyewe, na maji yakiwa na chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi. Na kutu katika kiini chake ni umeme mdogo mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Kwa hiyo bunduki iliyokaa Liwale, bara mbali na bahari, miaka ishirini bila shida ikihamia Mikindani inaweza kuota kutu kwa masika moja tu. Ndo ilivyomtokea mjomba. Tena yeye alidhani anaitunza, aliiweka kwenye begi lake lenye sponji nene, akafunga zipu, akaiweka kwenye kabati la chuma kama sheria inavyotaka. Sponji! Lile begi lilikuwa linanyonya unyevu na kuukumbatisha na bunduki usiku na mchana. Kabati sawa, begi ndo lilikuwa adui.

Bunduki yenyewe ni ya Waingereza, Lee-Enfield, raifo ya bolti inayotumia risasi ya .303, aina ileile waliyobeba KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika). Majeshi yakibadilisha silaha zile za zamani yanaziuza, ndo hizo wazungu wanaziita za ziada, na nyingi ziliishia kwa wawindaji na wakulima dunia nzima. Zilikuwa zinahifadhiwa zimepakwa grisi nzito ya jeshini, nzito kama nta, unafungua kasha baada ya miaka mingi chuma kipo kama kimetoka kiwandani. Kumbuka hiyo grisi, nitairudia.

(Vitu vya ziada vya jeshi kwetu sio vigeni. Ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951, Nachingwea ikiwa sehemu mojawapo, mashine zake nyingi zilikuwa masalia ya vita kuu ya pili. Kulikuwa na matrekta yaliyotengenezwa kutoka kwenye vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick. Kifaru kinalima karanga! Karanga hazikuota vya kutosha na chuma kikaenda na njia zake.)

Kabla sijafika kwenye kusugua kuna mambo mawili, na sitaki uyaruke.

La kwanza, bunduki yenye kutu bado ni bunduki. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 haiangalii kama inang'aa. Mjomba ana leseni kwa jina lake, na muda wote ule aliishika yeye, mimi nilikuwa nashika kitambaa na kopo la oili. Leseni ni ya mtu, mzee akifariki bunduki haigawanywi kama shamba la mikorosho, inapelekwa polisi na anayeitaka anaanza maombi upya kwa jina lake. Na kama umeiokota shambani, usiisugue, usiipeleke nyumbani, iache palepale uite mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Sisemi hivi kwa kutisha, nasema kwa sababu huku kwetu kuokota kunawezekana kabisa. Oktoba 1917, tarehe 15 mpaka 18, pale Mahiwa na Nyangao mkoa wa Lindi walipigana Waingereza na jeshi la Mjerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, siku nne. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000, wengi wakiwa Wanigeria na KAR, na upande wa pili waliopigana wengi ni askari Waafrika pia. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, Mjerumani akavuka Ruvuma akaingia kwa Wareno. Vita vikipita hivyo vyuma vinabaki ardhini, na risasi nazo zinabaki, na risasi ya miaka mia haijawa salama kwa kuwa imezeeka.

Sasa hapo ndo linapoingia lile la zebaki. Hakuna zebaki nyekundu ya kuuza milioni ndani ya bunduki ya Mjerumani. Mtutu ni chuma, kitako ni mbao, basi. Kitu pekee ninachoweza kusema kinakaribia uvumi huo ni kwamba fataki za risasi za zamani, kile kidude kidogo kwenye kitako cha ganda kinachogongwa, nyingi zilitumia kemikali inayolipuka iliyotengenezwa na zebaki. Ni chembe tu, hailipi hata nauli ya kwenda Lindi, na ukiikwangua ili uitafute inachukua vidole. Anayekwambia ana mteja Dar anataka hela yako ya "kupima", hana mteja.

La pili, hakikisha haina risasi. Mjomba alifungua bolti, akaangalia kwa jicho, akaingiza kidole kidogo kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, akapapasa, akatoa magazini, akarudia tena, nikamwambia mjomba si umeshaangalia, akaniambia "mjomba, waliokufa wote walikuwa wameshaangalia mara moja." Na kama bolti imegoma kwa kutu hujui ndani kuna nini, usigonge na nyundo wala usiipashe moto ili ilegee. Hiyo ni ya fundi silaha mwenye kibali.

Haya. Kutu ina rangi mbili na kwa bunduki hii tofauti ndo kila kitu. Kuna nyekundu, ile ya unga unga, inayobaki kidoleni. Hiyo ndo inayokula. Halafu kuna nyeusi, nayo ni oksidi ya chuma, ila imebana, imeshikana na chuma, haiachii unga. Nyeusi ni mlinzi. Na sasa sikia, ile rangi nyeusi ya samawati unayoiona kwenye bunduki yoyote inayoheshimika, watu wanadhani ni rangi ya kupaka, sio rangi. Kiwandani wanaifanya iote makusudi. Kwa maneno mengine bunduki mpya inatoka dukani ikiwa na kutu, ila ile kutu nzuri.

Umeelewa sasa kwa nini grenda ya binamu yangu ni msiba. Grenda haijui nyeusi na nyekundu, inachukua zote, na chuma cha chini nacho, na namba na alama za kiwandani, unabaki na mtutu mweupe unaong'aa kama kijiko, uchi kabisa, ambao upepo wa kusi ukivuma siku mbili unakuwa mwekundu kuliko mwanzo. Halafu namba ikifutika polisi watakuuliza maswali ambayo huna majibu. Msasa vilevile, tofauti ni kwamba unachoka mkono. Kwenye geti la nyumba sawa, maana geti utalipaka redoksaidi baadaye (na redoksaidi yenyewe wekundu wake ni unga wa oksidi ya chuma, tunazuia kutu kwa ndugu yake kutu, maisha haya). Bunduki hupaki redoksaidi.

Kwa hiyo kazi sio kutoa kutu yote. Kazi ni kutoa nyekundu na kuiacha nyeusi.

Tulikaa barazani asubuhi baada ya chai. Mjomba akatenganisha mbao na chuma, na hapo ndo tukaona ukweli, maana kwa juu mtutu ulikuwa na madoa tu lakini upande wa chini, ule unaolala ndani ya mbao, ulikuwa mwekundu mfululizo kama umepakwa hina. Mbao inashika unyevu na pale hakuna anayefuta. Ukisafisha bunduki ya zamani bila kutoa mbao umesafisha uso wa mgonjwa.

Tukapaka oili nyepesi ya mashine, nyingi, ikalala kama nusu saa. Oili haiyeyushi kutu, watu wanadhani inayeyusha, kazi yake ni kupenya chini ya ile unga, kuilegeza, na kuzuia kukwaruza wakati wa kusugua. Kisha nikatoa silaha yangu mimi, kipande cha bomba la shaba, lile la friji, nimelipondaponda likawa bapa kama mwiko mdogo. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu lakini ukikwangua inaiondoa kutu ya juu, kwa hiyo inakula kutu na haikati chuma. Unalaza, hukwangui kwa ncha, unasukuma taratibu, utasikia sauti, mwanzo krrr krrr kama kukwangua ukoko, halafu inabadilika inakuwa laini inateleza. Hapo umefika, acha, nenda pengine. Baada ya hapo stiliwaya, ila sio ile ya masufuria yenye nyuzi nene, ile nyembamba kabisa mafundi samani wanayomalizia vanishi, inauzwa kwa namba na ya sifuri nne ndo laini kuliko zote. Na oili iwepo muda wote, ukiona imekauka ongeza. Ile oili inageuka uji wa kahawia, unafuta na kitambaa, unaangalia, unapaka tena. Kanga moja kuukuu ya mke wa mjomba iliisha siku hiyo, sina hakika kama aliulizwa.

Chini ya uji ule ulitokea mweusi. Sio wote, kama robo tatu, na katikati vidoa vidoa. Mjomba alinyamaza kidogo akaanza kuimba kaswida.

Palikuwa na vipande vidogo vilivyogoma, vya bolti na vya kufungia magazini, vina kona nyingi na shaba haifiki. Hivyo tulivichemsha. Ndio, maji. Najua unashangaa na mke wa mjomba alishangaa zaidi alipoona sufuria yake kubwa ya pilau inatoka nje. Ni kwamba kutu nyekundu ukiichemsha kwenye maji safi yanayotokota, nusu saa hivi, inabadilika inakuwa ile nyeusi. Sio uchawi, ni oksidi moja inageuka oksidi nyingine, na mafundi bunduki wa zamani walitumia hiyohiyo kuipa bunduki rangi, wanaiotesha kutu makusudi, wanaichemsha, wanaisugua kidogo, wanarudia mara nyingi mpaka inakuwa nyeusi kama mpingo. Masharti mawili tu. Kipande kisiwe na mafuta, maana mafuta yanazuia, na maji yasiwe na chumvi. Maji ya kisima cha pwani hayafai kabisa, sisi tulikinga ya mvua kwenye bati. Ukitoa kinakauka chenyewe kwa joto lake, unapitisha stiliwaya kidogo kuondoa vumbi jeusi, na oili hapohapo kingali cha moto.

Kuhusu maji nikae hapo kidogo, kwa sababu imani kubwa kuliko zote ni kwamba maji na bunduki haviwekwi pamoja. Risasi nyingi za kijeshi za zamani, hasa za .303, fataki yake ikilipuka inaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi kweli, sio mfano, ni ndugu wa chumvi ya mezani. Inakaa kwenye ile mifereji ya ndani inayozungusha risasi, inaita unyevu, na wewe jioni unapitisha kitambaa chenye oili unalala na amani. Oili haiyeyushi chumvi! Jaribu jikoni, tia chumvi kwenye mafuta ya kupikia uone kama itayeyuka. Umeifunika tu, umeiwekea blanketi. Baada ya wiki mtutu umeota kutu ndani na unailaumu oili. Kinachotoa chumvi ni maji, ya moto zaidi, na wanajeshi wa Kiingereza enzi zile walikuwa wanamimina maji yaliyochemka ndani ya mtutu baada ya kupiga, ukikauka wanapitisha kitambaa, ndo wanatia mafuta. Mjomba alifundishwa hivyo Liwale na wakubwa zake, hakuambiwa sababu, aliambiwa ni amri. Alipostaafu akaacha kwa sababu jirani alimwambia anaharibu silaha. Alivyonisikia naeleza alipiga kofi paja lake mwenyewe.

Sasa zile dawa za kwenye grupu, nizipitie.

Ndimu, siki, ukwaju, soda, zote ni familia moja, ni asidi nyepesi. Zinafanya kazi, nisidanganye, injini zangu mimi vifaa vidogo naviloweka kwenye siki mara nyingi. Ila asidi haina adabu, ikimaliza nyekundu inahamia nyeusi na ikimaliza nyeusi inahamia kwenye chuma. Ukiloweka mtutu kwenye siki usiku kucha asubuhi utakuta wa kijivu, na ukiutoa ukauweka juani unaota kutu mpya unaangalia kwa macho. Lazima usuuze na maji yenye magadi, ukaushe haraka, utie mafuta. Soda ina asidi pia lakini na sukari, sasa sukari kwenye bolti ya nini, unawaalika sisimizi. Na yule aliyesema ndimu na chumvi... chumvi tena jamani, ndo tunaikimbia.

Asidi ya betri ndo isitajwe. Inakula, inaunguza mikono na mapafu, na chuma kigumu kama cha springi kikikaa kwenye asidi kali kinaweza kuwa cha kukatika katika. Bunduki isikatike usoni pako.

Mafuta ya taa ni mazuri kulegeza na kuosha uchafu, ila yanapepea yanaondoka, usiyategemee kulinda. Mafuta ya nazi wazee waliyatumia sana na kwa wiki moja sio mabaya, lakini yanachacha na yanaganda, na humu ndani ya bolti yanakuwa gundi. Oili chafu ya injini, hii nawaambia kama fundi, ina masizi, ina asidi iliyotokana na kuungua kwa mafuta, na sio salama kwa ngozi yako. Inafaa kwa hasira tu.

Kuna njia ya umeme nayo niliitaja kwa mjomba, tukaiacha, ila inafaa kuijua kwa vyuma vingine. Beseni la plastiki, maji yenye magadi, chaja ya betri ya volti 12, waya wa hasi unashika chuma chako na wa chanya unashika kipande cha chuma chakavu kisichogusana na chako. Kutu inalegea yenyewe na chuma kizima hakiguswi. Ukikosea ukageuza waya, chuma chako ndo kinaliwa. Usitumie stenlesi upande wa chanya, maji yanakuwa sumu mbaya. Fanya nje, maana inatoa gesi inayowaka. Kwa nanga ndogo au shoka la babu ni njia safi sana, kwa bunduki yenye ile nyeusi nzuri haifai, itaibadilisha rangi na kuibandua.

Kuna suala la mashimo. Kutu ikikaa muda inachimba, na ukiitoa mashimo unabaki nayo, hakuna dawa ya kuyajaza. Kwa nje ni sura tu, mjomba ana madoa kama ya ndui karibu na shabaha ya mbele na ameyakubali. Ndani ya mtutu na hasa kwenye chemba ni habari nyingine, hapo ndo mlipuko wote unapokaa, na macho yangu mimi au yako hayatoshi. Kung'aa hakumaanishi salama. Mjomba aliipeleka kwa fundi silaha akaikagua kabla hajafikiria kuipiga, na nguruwe wa mihogo wakasubiri.

Mwisho wa siku ile nilijikata kidole gumba na ukingo wa bati la kabati, wala sio bunduki, na mara moja nikaambiwa kimbia hospitali ukachome sindano, bati lina kutu, utapata pepopunda. Pepopunda haitokani na kutu. Inaletwa na bakteria anayekaa kwenye udongo na samadi, msumari wenye kutu unasifika tu kwa sababu mara nyingi upo chini kwenye udongo huohuo na unachoma ndani sana. Msumari mpya unaong'aa uliodondoka zizini ni hatari vilevile. Sindano nilichoma hata hivyo, maana nilikuwa sikumbuki ya mwisho ilikuwa lini.

Kuhusu kuhifadhi ndo narudi kwenye ile grisi ya jeshini. Mjomba ameshatupa begi la sponji. Bunduki inasimama kabatini wazi, chuma kimepakwa mafuta mazito kidogo kwa mtindo wa ile grisi, mbao kwa ndani imepitishiwa mafuta ya kitani (na vitambaa vya hayo mafuta usivikunje ukavirundika, vinaweza kujiwasha vyenyewe, vianike). Kila Ijumaa akitoka msikitini anaifuta, kwa sababu jasho la mkono nalo ni chumvi na alama ya kidole inaweza kuota kutu yenye umbo la kidole chako kabisa, nimeona.

Wiki iliyopita nilipita kumsabahi. Bunduki ipo sawa, nyeusi yenye mabaka. Sufuria ya pilau nimeikuta barazani imepandwa mchaichai, mke wa mjomba anasema hawezi kupikia watu ndani ya chombo kilichochemsha bunduki, na mimi ndo nimetajwa kwamba nalipa.